Hakuna Aliyefeli

Jumatatu, kipindi cha pili, mwalimu wa hesabu alifuta ubao kwa kitambaa kikavu, akapiga chafya mbili, akaandika somo la siku: uthibitisho wa hatua kwa hatua. Darasa lilikuwa na madawati kumi na tisa, na moja, lile la karibu na dirisha, lilikuwa tupu tangu asubuhi. Lilikuwa la msichana ambaye wenzake walimpachika jina la Kwanini. Kwenye mtihani wa majaribio alimaliza saa mbili nzima kwenye swali la kwanza, akitaka kujua limetoka wapi, na akapata kumi na moja kwa mia. Mkuu wa shule alikuwa amekata jina lake kwenye orodha ya watakaofanya mtihani wa taifa, ili asiushushe wastani. Alisema ni huyo mmoja tu, basi.

"Kwanza unaonyesha jambo ni kweli kwa mmoja," mwalimu alieleza. "Halafu unachukulia ni kweli kwa yeyote yule, unaonyesha lazima liwe kweli kwa anayemfuata. Hapo umemaliza. Ni kweli kwa wote."

"Sasa mwalimu," aliuliza monita, "unachukuliaje kitu ambacho ndicho unataka kukithibitisha?"

Swali hilo lingeulizwa na Kwanini, angekuwepo. Mwalimu alieleza mara tatu, kila mara akiwavuruga zaidi, mpaka na yeye akaanza kuvurugika. Kwa hasira akachukua mfano wa karibu, na hilo alikuja kulijutia. Aliandika kwamba wa mwisho kwa alama ameshaondolewa. Kila anapoondolewa wa mwisho, anapatikana wa mwisho mwingine. Naye, kwa sababu ileile, anaondolewa. Akapiga mstari chini. Darasa zima likaelewa, hata waliokuwa wanasinzia.

Jumanne asubuhi dawati la Kwanini lilikuwa nje ya geti, mwenyewe amelikalia. Nyuma yake lilikuwa dawati la mwanafunzi aliyemzidi kwa alama tatu, naye amelikalia, daftari wazi. Kwenye orodha jina la huyu wa pili lilikuwa limekatwa kwa wino uleule, na hakuna mtu aliyelikata. Mlinzi aliwaomba tu wasogee kidogo, wasizibe njia ya magari. Jumatano walikuwa watatu.

Mwalimu alikesha na uthibitisho wake kama mgonjwa wa jino. Aliupitia kwenye chumba cha walimu, chai ikipoa, akitafuta kosa, na kila alipodhani amelipata lilikuwa si kosa. Alichanganyikiwa kiasi cha kutia chaki kwenye chai badala ya sukari. Alielewa kitu kimoja tu: hatua ya kwanza ikifutwa, zote zinaanguka. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa ya wiki ya nne. Wiki ya pili ilipoisha, alibisha hodi kwa mkuu.

"Mkuu, nakuomba umrudishe yule binti. Wa kwanza akirudi, na wengine wote wanarudi."

"Mwalimu wangu, wastani ulikuwa arobaini na nne. Leo ni sitini na tatu. Nirudi nyuma nitafute nini?"

"Watoto, mkuu."

"Mimi nimemtoa mmoja," alisema mkuu, na kweli hakuwa anadanganya. "Hao wengine wametolewa na hesabu. Na hesabu unafundisha wewe."

Mwalimu alitoka hajui kama ameshtakiwa au amepongezwa. Roho ilimuuma.

Jumatano ya wiki ya nne alibaki monita peke yake, wastani tisini na sita. Mkuu alikuja kumpa mkono. Alhamisi monita naye alikuwa nje, dawati la kumi na tisa.

Ijumaa mkuu alijaza ripoti ya darasa. Mahali pa waliofeli aliandika: hakuna aliyefeli. Mwalimu aliisoma mara mbili, akitaka kubisha, akashindwa, kwa kuwa ilikuwa kweli tupu. Wiki iliyofuata ofisi ya elimu ilileta ngao ya pongezi.

Asubuhi ngao ilipoletwa, mwalimu aliung'oa ubao, mlinzi akamshikia upande mmoja, wakauegemeza kwenye ukuta nje ya geti. Kwanini akanyoosha mkono.

"Mwalimu, uthibitisho ulisema kila wa mwisho anaondolewa. Sisi tumeisha. Kwa nini haujamfikia mkuu?"

Mwalimu alisugua chaki kiganjani, unga ukamwagika kwenye viatu vyake.

"Kwa sababu yeye hayumo kwenye orodha," alisema. "Yeye ndiye anayeiandika."

Kwanini aliandika hilo daftarini, akapiga mstari chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutouliza zaidi. Geti likafunguliwa, gari la mkuu likaja taratibu, ngao imewekwa kiti cha nyuma, na wote kumi na tisa wakanyanyuka kusogeza madawati ili lipite.