Sketi Iliyogeuzwa

Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa sababu hakuwahi kuona pindo limefumuka akalipita hivihivi. Hata kwenye ibada, mtu akisujudu mbele yake huku uzi unaning'inia kwenye nguo, sala ya Mama Pindo ilikatika katikati. Alikwisha kumwomba Mungu msamaha kwa jambo hilo mara nyingi, na Mungu, kwa jinsi alivyomfahamu, alikuwa ameshazoea.

Jumatatu hiyo alikuwa kwenye cherehani yake karibu na dirisha alipomwona mjukuu wake anarudi kabla hata ya saa tatu asubuhi, mkoba mgongoni, macho mekundu.

"Nimerudishwa, Bibi. Sketi imepauka."

"Imepauka kwa sababu inafuliwa. Walitaka iwe chafu?"

"Mwenyekiti wa wazazi ndiye kaweka sheria, wanaijaribu mwezi huu. Sare ikipauka, huingii darasani mpaka uvae mpya. Eti tunaiaibisha shule, na Mungu anapenda unadhifu."

Mama Pindo akavua miwani. Mwenyekiti huyo alikuwa kinyozi wa pale njia panda. Mtu mwema, hakuwa na roho mbaya, ila mdomo wake ulikwenda mbio kuliko mkasi wake.

"Na leo tulikuwa tunaanza asilimia," mtoto akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Mtoto analilia hesabu! Mtihani wa darasa la saba ulikuwa umebakiza wiki sita. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuvuka darasa hilo: si yeye, si marehemu mumewe, wala mama wa mtoto, aliyekuwa mbali akipikia watu wa nyumba nyingine. Huyu ndiye aliyekuwa anaelekea kuvuka. Na kitambaa kipya, kwa hali ilivyokuwa, kilikuwa cha mwezi ujao, labda ule mwingine.

"Vua hiyo sketi, mke mwenzangu," akamwambia kwa utani wao wa siku zote. "Jifunge kitenge, chukua daftari, ukae hapa niione."

Akaitandaza mezani, akaipindua. Nje ilikuwa na rangi ya majivu. Ndani ilikuwa bluu iliyokolea, kama siku ilipotoka dukani, kwa kuwa upande ule haukuwahi kuona jua.

Marehemu mumewe alikuwa fundi wa makoti, na ndiye aliyemfundisha kugeuza nguo. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Unafumua mshono mmoja mmoja kwa wembe, pindo, mkanda, zipu, mfuko, marinda, mpaka nguo inakuwa vipande. Unapiga pasi. Kisha unashona upya, cha ndani kiwe nje. Kasoro yake ni moja tu: cha kulia kinahamia kushoto, na cha kushoto kulia.

Alisema "Bismillahi" yake, akaanza. Siku mbili alifumua na kushona, akinyanyuka kwa sala na chakula tu. Jumatano asubuhi mtoto akavaa, akajizungusha, akapapasa ubavuni.

"Bibi, mfuko umehama!"

"Basi mwambie mkono wako nao uhame."

Mwalimu wa zamu getini alimtazama juu mpaka chini, akampisha.

Jumamosi kukawa na mkutano wa wazazi, kuamua kama sheria ile iwe ya kudumu. Walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Mwalimu mkuu, mama mmoja mkimya, alikaa pembeni na kitabu cha mahudhurio. Darasa la saba walikuwa chumba cha pili wakijisomea.

Mwenyekiti alisema mengi kuhusu heshima ya shule na malezi ya siku hizi. Muuza mkaa akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, wanangu mapacha wako nyumbani wiki ya pili sasa. Sare zao mimi nikizitazama naona zina rangi. Labda macho yangu yameingia vumbi la mkaa."

Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka.

"Ndugu yangu, tusitafute visingizio. Subiri nikuonyeshe mfano." Akatoka, akarudi na mjukuu wa Mama Pindo, akamsimamisha mbele ya ubao. "Huyu hapa! Jumatatu alirudishwa. Jumatano karudi na sketi mpya kabisa. Bibi yake ni mjane, ana cherehani ya kukanyaga, na ameweza. Wewe mwanamume mzima unashindwaje? Mpigieni makofi Mama Pindo!"

Makofi yakapigwa. Muuza mkaa akainamisha kichwa. Mtoto akamtazama bibi yake, mkono ukitafuta mfuko kulia, mahali ambapo mfuko haukuwapo tena.

Wiki nzima Mama Pindo alikuwa amemwomba Mungu amfungulie mtoto geti, na geti lilikuwa limefunguka. Akinyamaza, mtoto ataendelea na asilimia zake mpaka mtihani, na hakuna atakayejua. Hakuwa amesema uongo, wamejidanganya wenyewe. Lakini kila kofi aliliona linatua kwenye shingo ya yule muuza mkaa. Akajaribu kusema "Ahsante, Mungu wangu" kimoyomoyo. Sala ikakatika katikati.

Akasimama.

"Mwenyekiti, baba yangu, naomba nikusahihishe kabla Mungu hajanisahihisha mimi. Hiyo sketi si mpya."

"Si mpya vipi, mama? Tunaiona!"

Akaenda mbele, akainama, akapindua pindo kidogo tu, kiasi cha vidole vinne. Ndani rangi ya majivu ikajitokeza.

"Ni ileile mliyoirudisha Jumatatu. Nimeigeuza. Tazama zipu, si iko kulia? Wenzake wote iko kushoto. Marehemu mume wangu aligeuza makoti ya makarani hivihivi, wakifika ofisini wakaamkiwa upya."

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mwenyekiti akasogeza uso mpaka karibu na pindo. "Jamani! Na mimi nilivyo na macho makali!"

"Makali gani?" sauti ikatoka nyuma. "Juzi si umeninyoa upande mmoja juu, mwingine chini?"

Mwenyekiti alisubiri wanyamaze, kisha akajikaza. "Haya. Lakini kwa sheria, sketi hii imepauka. Kwa hiyo huyu naye arudi nyumbani."

Vicheko vikafa. Mtoto akauma mdomo. Mama Pindo hakukaa.

"Sawa, arudi. Ila kwanza nielezeni, mimi elimu yangu ndogo. Jumatatu mlimfukuza, leo mmempigia makofi. Mtoto ni yuleyule, kitambaa ni kilekile. Sketi imegeuka upande, sisi tumegeuka moyo mzima. Na huyo Mungu mnayesema anapenda unadhifu, yeye anaziona pande zote mbili kwa pamoja. Mbona hajamfukuza?"

Mwalimu mkuu akafungua kitabu chake.

"Njoo, binti. Siku ulizorudishwa ulikosa somo gani?"

"Asilimia, Mwalimu. Lakini nimezifikia."

"Darasani kwenu mko arobaini. Waliorudishwa mwezi huu ni kumi. Ni asilimia ngapi?"

"Ishirini na tano," mtoto akasema, kabla swali halijapoa.

"Robo ya darasa," mwalimu mkuu akawaambia wazazi, taratibu. "Wiki sita kabla ya mtihani, robo ya darasa tumeipeleka nyumbani kwa kosa la jua. Wanaotaka sheria hii ife, wanyooshe mikono."

Mikono ikapanda kila dawati. Muuza mkaa alinyoosha yote miwili.

"Mmoja mmoja, ndugu!"

"Huu mwingine ni wa mama yao, amebaki kwenye mkaa."

Wa mwisho alikuwa Mwenyekiti. Alijikuna kisogo, akacheka mwenyewe, akanyoosha wake juu kuliko wote. "Nimeshindwa na sketi, jamani. Andikeni."

Mama Pindo hakutoka salama siku hiyo. Wanawake walimzingira mlangoni, kila mmoja anataka kujua wembe unaingizwa wapi, na mpaka jioni chumba chake kilijaa magoti, vipande vya bluu na maneno.

Jumatatu alimsindikiza mjukuu wake mpaka getini, ajionee. Waliingia wote, waliopauka na waliogeuzwa. Mapacha wa muuza mkaa walipita mbio, viatu mkononi. Mjukuu akatia mkono mfuko wa kushoto bila kuutafuta, akatoa penseli, akaenda zake bila kugeuka nyuma.

Mwenyekiti alikuwa amesimama pale akiwaamkia watoto kama yeye ndiye aliyelijenga geti. Kwenye pindo la shati lake uzi ulikuwa unaning'inia.

"Simama hapohapo, Mwenyekiti," Mama Pindo akasema, akatoa mkasi wake mkobani.