Upande wa Ndani wa Kitasa

Kitasa kiliukataa ufunguo. Fundi alipiga magoti mbele ya mlango wa chumba cha tatu, akapenyeza waya mwembamba kwenye tundu, akatega sikio. Kitasa ni kama mgonjwa. Ukikibonyeza taratibu kitakuonyesha kinapoumia. Hiki kilikuwa kimya. Waya uligota kwenye kitu laini.

"Kimekufa?" aliuliza mwenye nyumba.

"Hakijafa. Kimelishwa."

Mwenye nyumba alicheka. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ya kubembeleza, na alipenda kuitwa Mlezi. Jengo lilikuwa ghala la nafaka, nje kidogo ya mji, kabla hajaligawa vyumba na kuanza kuwapokea vijana walioharibiwa na unga. Mji ulilisifu. Kijana aliingia teja, akatoka amenyolewa, amenenepa, anaitikia "ndiyo mzee" kabla hata hujamaliza kusema. Fundi alishawahi kuwatengenezea milango jamaa za vijana wawili watatu wa namna hiyo. Walikuwa wapole mno. Walikaa pale ulipowaweka.

"Nataka vitasa vyote vya vyumba vifunguke kwa ufunguo mmoja," Mlezi alisema. "Wangu. Na mwanao, kesho asubuhi naleta gari. Kitanda chake kipo tayari. Sidai kitu."

"Kwa nini umfanyie hivyo mtoto wangu?"

"Fundi, nawe! Mtoto wa fundi kufuli akikaa humu asitoroke, nani mwingine atajaribu?"

Simu yake iliita, akaenda kuongelea uani. Hilo nalo lilimkosesha Fundi raha. Tangu mwanawe Chiriku alipochukua nyaya za baba yake, akafungua duka la vitambaa la jirani na kuyauza majora kwa ajili ya unga, hakuna mteja aliyemwacha Fundi peke yake na mlango. Walimsimamia, macho mikononi mwake, kama mtu anayemchunga paka jikoni. Mlezi alimwacha tu. Mtu asiyekushuku wakati mji mzima unakushuku, ama ni malaika ama ana lake.

Alivuta kile kitu kwa ncha ya waya. Kilitoka kidogo kidogo: sponji ya godoro, imetafunwa, imechanganywa na sabuni. Alikinusa. Akalivua bamba la kitasa, akaangalia kilivyokuwa kimeshindiliwa. Kilikuwa kimeingizwa kutoka upande wa ndani.

Akabaki amekishika. Mtu anayetaka kutoka hulichokonoa tundu. Huliziba yule tu asiyetaka mwenye ufunguo aingie.

"Wewe ndiye fundi?" Sauti ilitoka chini ya mlango, karibu kabisa na goti lake. Sauti ya kijana.

"Ndiyo mimi."

"Kimepona?"

"Bado."

"Basi usiharakishe."

Mlezi aliporudi, Fundi alikuwa ameshafunga mkoba wake. Alisema springi imevunjika, aliyo nayo haiingii, lazima akatafute nyingine. Springi ilikuwa nzima. Hakuwahi kumdanganya mteja kuhusu kitasa, na uongo ulimtoka mwepesi hata ukamtisha.

"Haya," alisema Mlezi. "Kesho gari likija kumchukua kijana, nawe utapanda humo humo." Akamshika bega, akaliachia polepole.

*

Nyumbani hakumsalimu mkewe. Alipita moja kwa moja hadi kwenye mlango wa chumba cha Chiriku, akapiga magoti.

"Makubwa!" mkewe alisema. Alikuwa anakunja nguo kwenye mkeka. "Siku hizi unakagua hata nyumba yako?"

Kitasa kile alikitia yeye mwenyewe. Kila jioni alimfungia mwanawe na kulala na ufunguo chini ya mto. Meno ya ndani aliyakata upya kwa tupa, kwa namna ambayo hakuwahi kumfundisha yeyote. Sasa aliogopa kukuta sabuni. Alipitisha kidole kwenye tundu la upande wa ndani, akakitazama mwangani.

Kidole kilikuwa cheusi.

Haikuwa sabuni, wala mafuta. Ilikuwa risasi ya penseli iliyosagwa. Mafuta hukusanya vumbi. Kitasa kinachofunguliwa mara kwa mara hupakwa risasi ya penseli. Mji mzima, waliolijua hilo walikuwa wawili.

"Chiriku!"

Kijana alitoka uani amejifunga shuka, ingawa jua lilikuwa bado kali. Pua ilimchuruzika. Zamani walimwita Chiriku kwa sababu hakunyamaza. Siku hizi jina lilibaki kama nguo ya mtu aliyekonda.

"Unafungua hiki kitasa."

Kijana alikitazama kidole cha baba yake. "Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokifunga, baba. Yale meno uliyakata vizuri. Yalinipa shida usiku mmoja."

Fundi alijisikia akijivuna, kitambo kidogo tu, akajichukia. "Kwa hiyo mimi nalala na ufunguo kama mjinga, wewe unakwenda kununua unga."

"Usiku siendi popote."

"Unga unaupata wapi, unadondoka kwenye paa?"

Chiriku alifuta pua kwa shuka. "Nanunua mchana. Mama akinituma chumvi."

Mkewe aliangusha nguo. "Mungu wangu! Ndiyo maana chumvi ya nyumba hii haiishi, na kila siku unaniambia imekwisha!"

Hakuna aliyecheka, ingawa palikuwa na nafasi ya kucheka, na wote watatu waliiona ikipita.

"Usiku unafungua ili iweje?" Fundi aliuliza.

"Nafungua tu. Nasimama mlangoni. Nikishajua unafunguka, naufunga tena, nalala. Nisipojua, kuta zinanijia."

"Mwongo."

"Sawa, baba."

Ile "sawa" ilimkata kuliko ambavyo ubishi ungemkata. Alimwambia habari ya Mlezi, ya gari, ya kitanda. Alisema haraka, kama anayesoma tangazo. Hakutaja sponji. Kijana alisikiliza, akaanza kutetemeka magotini, na Fundi hakujua kama ni hofu au ni arosto imeanza, maana mwili wa teja ukikosa unga hutetemeka vivyo hivyo.

"Haendi," alisema mkewe.

"Nani kakuuliza?"

"Haendi, baba Chiriku. Nimeshampeleka hospitali. Wiki iliyopita, ulipokwenda kwenye ile kazi ya shuleni. Chumba cha mwisho, nyuma ya wodi ya wazazi. Wamempima, wamemwandikisha. Kesho anaanza dawa, ile ya kunywa. Asubuhi, kabla dirisha la dawa halijafungwa."

Fundi alimtazama mke wake kama mlango aliodhani anaujua. "Mmekwenda nyuma ya mgongo wangu."

"Mbele yako hakupitiki."

"Dawa yenyewe naijua. Nayo ni kilevi. Unamtoa mtu kisimani unamtia handakini."

"Sista alinieleza. Inamtuliza asiumwe, asitafute. Atakunywa kila siku, mbele yao."

"Kila siku? Kwa miguu yake mwenyewe? Peke yake? Na mlango wao una nini?"

"Uko wazi tu, hauna hata komeo."

"Unaona sasa!"

"Na huko kwa Mlezi milango ikoje?" mkewe aliuliza. "Si umetoka huko? Wewe ndiye fundi. Sema ulichokiona."

Fundi aliufungua mkoba, akaufunga. Jioni ile alimfungia mwanawe kama kawaida, akasimama ukumbini na ufunguo mkononi, kisha akaenda kulala, akausikiliza mlango hadi usingizi ukamzidi. Kama ulifunguka, hakuusikia.

*

Gari lilipopiga honi asubuhi, Chiriku alikuwa ameshatoka. Dereva alichungulia dirishani.

"Kijana yuko wapi?"

"Katoka."

"Na wewe, mzee? Kile chumba cha tatu?"

"Kiache kilivyo," alisema Fundi. "Mwambie fundi kashindwa."

Hakuwahi kuyatamka maneno hayo tangu aanze kazi. Alingoja gari ligeuke, akaishika njia ya hospitali, upande wa ukutani, kama mwizi wa kuku.

Alimwona mwanawe mbele ya mashine ya kusaga. Nyuma ya mashine ile ndiko walikokaa wenzake.

"Oya Chiriku! Leo unatupita kama waziri?"

Kijana alisimama. Mmoja alimfuata, wakashikana mikono, mikono ikakaa kidogo. Fundi alikaza macho. Miaka yote aliyofanya kazi kwa kuhisi visivyoonekana ndani ya chuma, na sasa, mchana kweupe, hakuweza kuona kilichopita kati ya viganja viwili. Chiriku aliutia mkono mfukoni, akaendelea. Hakuongeza mwendo. Alikwenda akiinama, anatema mate, kama mtu anayepanda mlima, na barabara ilikuwa tambarare.

Hospitalini, Fundi alijibanza nyuma ya tangi la maji. Foleni ilikuwa fupi. Aliwajua baadhi yao: mshona viatu, binti wa mwalimu, mtu mzima mmoja aliyemtengenezea kufuli ya baiskeli. Dirishani alikaa sista mwenye miwani, na kila aliyekunywa alimwambia hivyo hivyo:

"Sema neno."

Maana aliyeificha dawa mdomoni akaiuze nje hawezi kusema neno likaeleweka. Mshona viatu alisema, "Viatu vyako vimekwisha kisigino, sista." Watu wakacheka. Binti wa mwalimu alisema jina lake tu. Fundi, nyuma ya tangi, alijikuta anatikisa kichwa. Hapa nao walimshuku kila mtu, na mlango uko wazi.

Ikafika zamu ya Chiriku. Alikitazama kikombe muda mrefu, hata sista akainua macho. Akanywa.

"Sema neno."

Kijana alifuta midomo.

"Yule mzee nyuma ya tangi ni baba yangu. Mpeni kiti."

Foleni nzima iligeuka. Mfagizi, huku anacheka, alitoka na kiti cha plastiki, akakiweka juani, akakipangusa kwa khanga yake. "Karibu, baba. Hapa hatuli watu."

Fundi alijitokeza, anajipangusa mikono ingawa haikuwa michafu. Alifika kwenye kiti, akakishika mgongo. Hakukaa. Chiriku alikuja taratibu, mkono mmoja mfukoni, akasimama upande wa pili. Macho ya Fundi yalishuka hadi kwenye mfuko ule, yakapanda, yakashuka tena.

"Kaa, baba," alisema Chiriku.

"Kaa wewe. Wewe ndiye mgonjwa."

Nyuma yao sista alimwambia mwingine aseme neno. Kiti kilibaki kati yao, kitupu, kikipata joto.