Nyuso Alizozifuta Eliaichi

Alhamisi, tarehe kumi na mbili Juni. Tangu asubuhi kuna manyunyu na ukungu umekataa kuondoka, na sasa jioni, katika ukumbi wa usharika, wanafunzi wa uchoraji wamekaa na masweta yao. Eliaichi, nesi mstaafu, anainamisha kichwa kumwomba Mungu auongoze mkono wake, kama afanyavyo kila ashikapo brashi. Darasa zima linanakili picha moja ya kale ya mwanamke mwenye mtungi. Wenzake wamemaliza, yeye amebakiza uso. Kila kipindi anauchora, anaona haufanani na wa asili, anaufuta kwa kitambaa chenye tapentaini. Mama, utamsugua mpaka atoke damu, anamtania Zefania, fundi cherehani wa meza ya jirani. Ngoja tu baba, atafanana, anajibu, anafumba macho aendelee kuomba, na turubai la picha yake linafunguka kama pazia.

Yuko barabarani, na barabara ni nyuzi za turubai, moja inapita chini ya nyingine, na kila anayoifuata inamrudisha katika mji uleule, ambao madirisha yake yanaonyesha mji uleule. Mwanamke mwenye mtungi anamtangulia. Anageuka, hana uso. Shikamoo, Eliaichi anajikuta akisema, ingawa mkubwa ni yeye. Marahaba, panajibu pale patupu. Wewe nani? Mimi uliyenifuta Jumanne. Yule ni wa wiki iliyopita, na yule pale ndiye wa kwanza, alikuwa karibu kutabasamu. Wanatoka milangoni, wote kazi ya mkono wake, vichwa laini kama mayai. Mlikuwa na kasoro, anasema Eliaichi. Nani anaona zaidi, anauliza wa Jumanne, mwenye makengeza au asiye na jicho? Eliaichi anatafuta sala, haipati. Mmoja anamshika kidevu kwa upole, kama yeye alivyokuwa akiwaosha wagonjwa, anampitishia kitambaa usoni. Anajigusa: nyusi hazipo. Nawe umechorwa kwa mfano wa Mungu, wanamwambia, na hufanani. Aliyekuchora mbona hajakufuta?

Macho yanafunguka, au yanachorwa, hajui. Watu wamemzunguka na taa iliyo nyuma yao imewatia kivuli nyusoni. Mbele yake turubai linamtazama kwa macho mawili, moja kubwa kuliko jingine, na hakumbuki kuyachora. Mama, uko salama? inauliza sauti kama ya Zefania. Eliaichi anasimama, anaweka mkono kifuani.

Mbele za Mungu na mbele yenu nyote, anasema, wowote mlio, huyu simfuti.