Saa ya Kupimia Sukari

Mzee Pankras alikuwa amechoka kuchomwa vidole. Kazi ya kahawa pale Kitura ilikuwa imemkomaza ngozi, na kila asubuhi mkewe Mektilda alimbembeleza kama mtoto ndipo atoe mkono apimwe sukari. Binti yao Avelina, mwenye duka la simu Kitai, aliyaona hayo kila alipokuja nyumbani, na yalimuuma.

Ndipo ilipotoka ile saa. Aliiona mtandaoni wiki ileile ilipoanza kuuzwa: unaivaa tu, inakuonyesha sukari yako bila tone la damu. Akaenda kumuuliza Sista Tadea, muuguzi wa zahanati.

"Sijawahi kuiona," Sista alisema. "Subiri kwanza, Avelina. Wataalamu waipime, tujue kama inasema kweli. Baba yako anaendelea vizuri na vijiti vyake vya kupimia damu."

Avelina aliitikia, lakini moyoni alikuwa ameshaamua. Maisha yake yalikuwa kuuza vitu vipya kabla wengine hawajavipata. Aliiagiza siku hiyohiyo.

Mzee aliipenda mno. Kanisani alivuta mkono wa koti ili wenzake waione. Namba zake zilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kupata, na vijiti vikawekwa juu ya kabati. Baadaye akaanza kuruka sindano za insulini, akihofia sukari isije ikashuka kupita kiasi. Mektilda alipolalamika, alimnyooshea mkono asome mwenyewe.

Kisha akashikwa na kiu isiyokatika. Alikonda, akawa anaamka kachoka kuliko alivyolala. Mektilda akampigia simu binti yake.

"Saa inasema sukari ni ngapi?" Avelina aliuliza.

"Tano na nusu."

"Basi sukari iko sawa, mama. Labda ni malaria. Apumzike, nitakuja Jumapili."

Jumapili haikufika. Mzee alianguka kwenye vichanja vya kuanikia alipokuwa akigeuza kahawa, na majirani wakamkimbiza hospitali Mbinga. Avelina alifika muuguzi akimchoma kidole. Kipimo hakikutoa namba. Kilionyesha tu kwamba sukari imepita kikomo chake. Saa mkononi bado ilisema tano na nusu. Daktari akaifungua, akamkabidhi Avelina.

Jioni hiyo mzee akafariki.

Wakati wote wa msiba Avelina alingoja mama yake amlaumu. Mektilda alipokea pole za watu, akawashukuru, akamwuliza binti yake kama amekula.

Matanga yalipokwisha, ujumbe uliingia kwenye simu ya Avelina kutoka kwa wauzaji. Walisema toleo jipya la saa limetoka, na kasoro ya kusoma sukari imerekebishwa. Alishindwa kubaki nao peke yake, akamsomea mama.

"Kwa hiyo walijua," Mektilda alisema.

"Sista Tadea aliniambia nisubiri, mama. Sikuwaambia."

Mektilda aliweka mikono mapajani.

"Baba yako alikuwa anakusikia wewe kuliko mtu yeyote," alisema. "Ungemwambia asubiri, angesubiri."

Akainuka, akajifunga khanga vizuri, akaenda kugeuza kahawa. Avelina alibaki kwenye kigoda. Hakuthubutu kumfuata.