Konzi Moja ya Udongo wa Boma

Attracta Geraghty alimsomea mumewe kama mtu anayemlisha mgonjwa uji: kidogo, anasubiri ameze, kidogo tena. Jarlath alikaa kwenye kiti cha dirishani, blanketi magotini, macho yameelekea barabarani. Akisikia jambo lisilompendeza aliinua kidole kimoja. Maana yake, rudi nyuma.

"'Riona akalizunguka boma mara tatu, kinyume cha jua,'" Attracta akasoma, "'na alipoinua uso, nguzo za umeme hazikuwapo tena. Mbali aliona moshi wa nyumba ya mfalme.'"

Kidole kikainuka.

"Nimesoma kama kilivyoandikwa, Jarlath."

"Kinyume cha jua ni nuksi. Atajuta huyo."

"Basi mwambie yeye, usinigombeze mimi."

Mzee akacheka, kicheko kifupi cha puani, kisha uso wake ukarudi kuwa mtupu. Attracta akafungua mlango wa jiko la chuma, akatia kuni, akakaa tena. Tangu Jumatatu hakuwa amesikia kicheko kile.

Ulikuwa mwaka wa pili sasa tangu akili ya Jarlath ianze kutoka, taratibu, kama ng'ombe wanavyotoka zizini mlango ukiachwa wazi, mmoja mmoja, mwisho hujui ni yupi aliyebaki. Gazeti halikumshika tena. Rozari aliisali kwa midomo tu. Ajabu ni kwamba vilimshika vitabu vile ambavyo zamani alivitukana, vile vinene vya gari la maktaba, vyenye mwanamke wa joho jekundu jaladani na ukungu nyuma yake. Njia yake ni ileile katika vyote: mtu wa leo anaingia kwenye boma la kale, lile duara la tuta la udongo lenye miti ya miiba juu yake, na anatokea upande wa pili miaka elfu moja nyuma, kwenye wafalme na panga na waganga. Attracta alikuwa akivisoma tangu ujana wake, kando ya jiko, akisubiri mkate uive. Jarlath alikuwa akipita na kumwambia, "Mwanamke, utaunguza mkate, na hao wafalme wako hawatakuja kutulisha." Sasa ndiye aliyekuwa akiinua kidole.

Lakini Attracta hakuwa akisoma kwa ajili ya kumburudisha tu. Alikuwa na lake moyoni. Aliwaza hivi: kama Riona anaweza kurudi nyuma kwa njia ya boma, labda Jarlath anaweza kurudi nyuma kwa njia ya Riona. Hakutaka arudi mbali. Alitaka arudi kwenye asubuhi moja tu, Februari ya mwaka sitini na sita.

Asubuhi ile Attracta alikuwa kitandani, hana damu wala nguvu, na mtoto wao wa kwanza alikuwa amekufa kabla mkunga hajawahi kumtilia maji ya ubatizo. Mtoto asiyebatizwa hakuruhusiwa kwenye makaburi ya kanisa. Ilikuwa kazi ya baba kumbeba peke yake kabla jua halijatoka, akamzike penye mpaka wa shamba au pembeni mwa kijito, mahali popote pasipo pa mtu, na akirudi asiseme. Jarlath alirudi viatu vimejaa tope. Attracta alimwuliza, "Umemweka wapi?" Akajibu, "Pazuri," akaenda kukamua ng'ombe.

Kwa miaka arobaini na kitu alimwuliza mara tatu. Mara ya kwanza Jarlath alisema tena "Pazuri." Mara ya pili alitoka nje. Mara ya tatu alilia, na Attracta alikuwa hajawahi kumwona akilia, hivyo hakuuliza tena. Attracta alimpa mtoto jina mwenyewe, kimoyomoyo. Cathal.

Sasa padri mpya alikuwa ametangaza kanisani kwamba Jumapili ya Makaburi, mwezi huo wa Julai, watabariki jiwe la watoto wale wote. Majina yatachongwa. Kila familia ilete konzi moja ya udongo kutoka pale mtoto wao alipolala, uchanganywe wote chini ya jiwe, ili wawe wamezikwa pamoja na Wakristo wenzao. Attracta alikuwa ameshapeleka jina. Kilichobaki ni udongo, na aliyejua ulipo ni mtu ambaye asubuhi nyingine hakumjua hata yeye.

Siku ya Alhamisi gari la maktaba lilisimama njia panda kama kawaida. Dympna, aliyekuwa dereva na mkutubi na mpashaji habari wa wilaya nzima, alishuka na kitabu mkononi kabla Attracta hajafika.

"Attracta! Haya, Riona wa tatu. Nimemficha chini ya kiti changu, yule mjane wa kilimani alikuwa anamnyemelea."

"Una roho nzuri, Dympna."

"Roho nzuri wapi! Nikimpa yule atakirudisha kina mafuta ya nyama kila ukurasa. Jarlath hajambo?"

"Jana alinisalimia kama mgeni. Akaniuliza kama nimetoka mbali."

Dympna akamshika mkono. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kukaa na huzuni muda mrefu, akasema, "Nyie nawahurumia. Wenzenu wote wana boma nyuma ya nyumba, nyie mmelisawazisha lenu. Siku ukitaka kumkimbia mzee utapitia wapi?"

"Nitapitia mlango wa nyuma kama wanawake wengine."

Wakacheka wote wawili, na Attracta akarudi nyumbani na Riona kwapani.

Siku tatu alisoma na hakupata kitu. Jarlath alirudi nyuma, ndiyo, lakini alipitiliza. Alifika kwa mama yake. Alifika shuleni, akamtaja mwalimu na fimbo yake. Alikaa mchana mzima na ndama aliyezama kinamasini mwaka ambao Attracta hakuwa hata anamfahamu. Kila alipomwona anapitiliza, moyo ulimwuma, kama mtu anayeona basi lake linapita kituo bila kusimama.

Siku ya nne akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa kitabu cha watu. Alifika pale Riona anapojificha kwenye vichaka nje ya boma, akainua macho, akaendelea kusoma maneno yasiyokuwepo.

"'Jua lilikuwa bado. Riona akamwona kijana mmoja anakuja, peke yake, kofia ameivuta machoni. Mkononi amebeba sanduku dogo, sanduku la chai.'"

Kidole kikainuka.

Attracta akaacha kusoma.

"Si la chai," Jarlath akasema. "La chai ni kubwa mno. Ni sanduku la siagi. Nililitandikia nyasi kavu ndani."

"Sanduku la siagi," Attracta akasema polepole, macho kwenye ukurasa, kama aliyekosea kusoma. "'Kijana akashika njia ya kijitoni.'"

"Hapana, kijitoni kuna maji Februari. Alipanda juu. Akafika bomani." Sauti ya Jarlath ilikuwa sauti yake ya zamani, ya mtu anayemweleza fundi. "Upande wa mashariki, chini ya mti wa miiba mkubwa. Tuta pale ni laini. Nikachimba mpaka kwenye kiwiko. Nikaweka jiwe jeupe, la mtoni, nililibeba mfukoni."

"Kwa nini bomani, Jarlath?"

Akamtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto mzito.

"Wewe, makaburi wanahamisha. Mipaka watu wanauziana. Lakini boma nani ataligusa? Hakuna mtu katika wilaya hii atakayetia jembe kwenye boma, wote wanawaogopa Watu Wema, wale vibwengo wa chini ya tuta. Mimi siwaamini hata kidogo. Ila niliwaambia, mlindeni huyu. Nikajua hatasumbuliwa milele." Akavuta blanketi. "Usimwambie Attracta. Atakwenda kukaa pale kwenye mvua, naye ana kifua."

Kisha akageukia dirisha, akauliza kama ndama wamekunywa.

Attracta alikaa na kitabu mapajani.

Miaka mingapi Fintan, mtoto wao aliyefuata, alimwomba baba yake alisawazishe lile boma? Lilikaa katikati ya shamba bora, trekta lazima lilizunguke, nyasi za pale hazikatiki. Na kila mwaka Jarlath alijibu maneno mawili: haliguswi boma. Attracta ndiye aliyekuwa akimcheka. Alimcheka mbele ya wageni. "Mwanamume mzima, anaogopa watu wanaomfika gotini." Na Jarlath alinyamaza, akaacha acheke, akaonekana mshirikina mbele za watu miaka yote ile.

Machi iliyopita, baba yake akiwa hajui tena mwezi wala siku, Fintan alisimama mlango wa jikoni na buti za tope. "Mama, katapila nimelipata kwa siku mbili tu. Nilisawazishe lile boma, au nisubiri?" Attracta alikuwa na birika mkononi. Alikumbuka alivyomjibu, neno kwa neno. "Sawazisha, mwanangu. Watu Wema wakiwa na malalamiko, waje kwangu."

Akavaa koti, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Shamba lilikuwa kijani, safi, limenyooka kama kitambaa cha meza. Alitembea akitafuta upande wa mashariki wa boma. Zamani angeupata kwa ule mti, sasa mti haukuwepo, wala tuta, wala shimo, wala alama. Nyasi zilikuwa zimeota sawasawa kila mahali. Alipiga magoti sehemu moja, akainuka, akapiga magoti sehemu nyingine. Mfukoni alikuwa na kopo la dawa alilolisafisha tangu tangazo la padri.

Fintan alimkuta pale, ametoka kuangalia maji ya ng'ombe.

"Mama? Umeangusha nini?"

"Hereni."

"Huku shambani? Ulikuwa unakuja kucheza dansi?"

Attracta hakucheka. "Fintan, udongo wa boma ulipeleka wapi?"

"Si uko chini ya zizi jipya. Pale palikuwa bonde, nikajazia, tukamwaga zege juu." Akamtazama. "Mbona umekuwa mweupe hivyo? Usiniambie na wewe sasa umeanza kuwaogopa Watu Wema."

"Uliona jiwe jeupe?"

"Mama, mawe yalikuwa maelfu. Katapila halichagui."

Alikuwa mwanamume wa miaka karibu arobaini, mwenye mikono ya baba yake. Attracta aliitazama ile mikono. Maneno yalimfika mdomoni, akayameza. Huyu akijua, hataingia tena kwenye zizi lake mwenyewe. Hatalala. Na aliyemwambia sawazisha ni nani?

"Hereni ilikuwa ya zamani," akasema. "Haidhuru."

Alirudi nyumbani, kopo tupu mfukoni. Jarlath aliposikia mlango aligeuza shingo, na macho yake, kwa mara ya kwanza katika wiki nyingi, yalimjua.

"Attracta. Umelowa. Ulikuwa wapi?"

"Shambani."

"Mti wa miiba umechanua?"

Alivua koti, akalitundika. Alilitundika taratibu sana.

"Umechanua, Jarlath. Mweupe wote."

"Julai?" Mzee akafikiri. "Umechelewa mwaka huu."

"Umechelewa."

Akaridhika, akaegemea kiti. Kila siku baada ya hapo alimwuliza tena, kwani lile tu ndilo halikumtoka, na kila siku Attracta alimjibu vilevile.

Jumapili ya Makaburi magari yalipita mbele ya dirisha moja baada ya jingine, watu wamevaa vizuri, wazee wamebeba mitungi midogo na bahasha na makopo magotini. Fintan alipiga honi getini kuja kumchukua mama yake. Attracta akatoka hadi mlangoni, akampungia mkono aende, akasema mzee hana hali nzuri leo. Jina la Cathal lingesomwa. Chini ya jiwe kungekuwa na udongo wa watoto wote isipokuwa wake.

Kidole cha Jarlath kikainuka. Soma.

Akafungua Riona wa tatu. Zilibaki kurasa chache. Riona alikuwa amesimama tena bomani, tayari kurudi kwao, na boma lilikuwepo, maana kwenye vitabu vile boma huwa lipo. Attracta akasoma mistari miwili. Kisha macho yakaondoka kwenye ukurasa, na sauti yake ikaendelea yenyewe.

"'Lakini Riona hakwenda miaka elfu. Alikwenda miezi minne tu. Akatokea jikoni mwa nyumba moja, asubuhi ya Machi. Kulikuwa na mwanamke mzee ameshika birika. Na mwanawe alikuwa mlangoni, anamwuliza neno, anasubiri jibu. Riona akamkimbilia yule mwanamke, akamshika mkono, akafungua mdomo...'"

Gari la mwisho lilipita barabarani.

"Akamwambia nini?" Jarlath akauliza.

Attracta alitazama ukurasa. Akaugeuza, akaurudisha.

"Akamwambia nini, mwanamke? Soma."

"Hakijaandikwa," akasema.

"Basi soma kilichoandikwa."

Akapangusa miwani kwa pindo la gauni, akatafuta kwa kidole mstari alipoachia, akausoma.