Mzunguko wa Tatu

Nanga aliizungusha kamba kwenye shina la mkaratusi mara ya kwanza, akaizungusha mara ya pili, kisha akatupa jicho juu. Alipoona shemeji yake amempa mgongo, akaongeza mzunguko wa tatu. Aliuongeza harakaharaka, kama mtu anayejichotea sukari kwenye kabati la wenyewe.

Kazi yao ilikuwa kupunguza miti ya watu, majumbani na maofisini, popote tawi lilipoanza kutishia paa. Shemeji, mume wa mdogo wake Nanga, alipanda na kukata. Nanga alibaki chini na kamba. Tawi likikatwa haliachwi liporomoke. Linafungwa kamba inayopita kwenye kapi, kigurudumu cha kupitishia kamba, huko juu, ikashuka hadi chini, ikazungushwa shinani, na mwisho wake ukawa mikononi mwa Nanga. Mizunguko ikiwa miwili, kamba inatembea na tawi linashuka kwa adabu. Ikiwa mitatu, kamba inagoma, tawi linasimama ghafla, na kishindo chote kinapanda juu kwa yule aliyejifunga mkanda mtini.

Hayo yote Nanga ndiye aliyemfundisha shemeji yake. Sasa mwalimu mwenyewe alikuwa anaiba, na sababu ilikuwa vidole viwili. Kidole cha mwisho cha mkono wa kulia na jirani yake vilikuwa vimekufa ganzi tangu wiki iliyopita. Nyumbani alidondosha kikombe akaisingizia sabuni. Alidondosha funguo akalisingizia giza, na ilikuwa saa saba mchana. Kwa miaka kumi na minane hakuna tawi lililomponyoka, ndiyo maana watu wakamwita Nanga, na magoti yalipomkatalia kupanda, kamba ndiyo ilikuwa imebaki. Aseme nini sasa? Kwamba hata kamba imemshinda? Alijiambia mzunguko mmoja wa ziada utausaidia mkono, na hakuna atakayejua.

Asubuhi hiyo, wakipakia vifaa, mdogo wake alikuwa amemtania kama kawaida yake. "Kaka, nimekukabidhi mume. Nirudishie mzima, sina wa akiba." Walicheka wote watatu. Nanga alicheka kuliko wenzake.

Mti wenyewe ulisimama nyuma ya kliniki ya meno. Tawi lake kubwa, nene kuliko kiuno cha mtu mzima, lilikuwa limelala juu ya paa la vigae. Daktari wa meno, mama mfupi mwenye mikono minene, alikuwa ametoa wagonjwa na viti vyao hadi ng'ambo ya barabara, naye akajisimamisha kwenye geti kusimamia asichokijua.

"Paa langu, jamani," alisema kwa mara ya nne.

"Paa lako liko salama, daktari," Nanga alijibu. Hapo hakudanganya. Paa lilikuwa salama kweli.

Walianza na tawi dogo. Msumeno wa mashine ulinguruma, tawi likang'oka, likashuka hatua mbili na kusimama papo hapo. Mkaratusi ukatikisika hadi majani yakamwagika. Shemeji alirushwa pembeni, akajigonga goti kwenye shina, akaukumbatia mti kwa mikono yote miwili.

"Wee Nanga!" aliita alipopata pumzi. "Unataka mdogo wako awe mjane?"

"Pole, shemeji! Upepo huo!"

"Upepo gani? Mizunguko mingapi hapo?"

Nanga aliitazama kamba. Mitatu, imekaa shinani wazi kabisa, lakini kwa aliye juu majani yaliificha.

"Miwili," alisema.

Neno lilitoka jepesi mno. Shemeji hakuuliza tena, kwa sababu kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na haja ya kumuuliza Nanga jambo mara mbili. Alikaa kwenye mkanda wake akifikiri, na Nanga akaanza kutokwa jasho, maana alimjua akifikiri hufanya nini.

"Basi kapi ndilo linakwama," shemeji alisema. "Nalihamishia juu, pale kwenye panda, shina linapogawanyika, kamba ipate kunyooka."

Pale kwenye panda mti ulikuwa mwembamba, na mkaratusi haupindi, unavunjika. Kwa mizunguko miwili pangestahimili. Kwa mitatu, na tawi kubwa lile, pangekatika kama biskuti, kapi lingeporomoka na nusu ya mti, na shemeji alikuwa amejifunga palepale. Nanga aliyajua hayo yote kwa mpigo mmoja. Shemeji yake alikuwa anapiga hesabu sahihi kabisa kwa kutumia uongo wake.

Atoe mzunguko mmoja kimyakimya? Alijaribu. Alifungua wa tatu, akavuta kamba kupima nguvu zake, na mkono wa kulia ukateleza kama wa mtoto. Kwa miwili asingeweza kulizuia tawi, lingepasua paa na kukiponda kiti cha kung'olea meno kilichobaki ndani. Akaurudisha wa tatu. Akautoa tena. Akaurudisha. Daktari alikuwa anamwangalia, na huko juu kapi lilikuwa limeshahamia kwenye panda.

"Tayari?" shemeji aliita.

Nanga aliinua kichwa amwambie, kisha akasita. Shemeji alitazama chini, akaona kichwa kimeinuka, akadhani ameitikiwa. Msumeno ukawaka.

Kwa ngurumo ile sauti ya mtu haifiki juu. Unga wa mbao ulianza kumwangukia Nanga usoni. Shingoni mwake ilining'inia filimbi, na kanuni yao ilikuwa moja: ikipulizwa, kila kitu kinasimama. Hakuwahi kuipuliza, na alikuwa akijisifia hilo mbele ya wateja. Robo ya tawi ilikuwa imeshakatika. Alimfikiria mdogo wake akicheka asubuhi ile, akaona haya hadi masikio yakawaka. Akaiweka filimbi mdomoni na kupuliza kwa nguvu zote.

Msumeno ukanyamaza.

"Kuna nini?"

"Ni mitatu!" Nanga alipaza sauti. "Mizunguko ni mitatu, shemeji! Nilikudanganya. Mkono wangu wa kulia umekufa ganzi, hauwezi kushika!"

Huko juu tawi likalia, krrr, kule lilikoanza kukatwa.

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita."

Shemeji alisema neno ambalo daktari alijifanya hakulisikia. Kisha akasema, taratibu, na utaratibu huo ulimtisha Nanga kuliko matusi, "Siwezi kulishusha kapi, limeshabeba uzito. Siwezi kuliacha tawi hivi, litajipasua na mimi nikiwa hapa. Nataka miwili, na nataka mkono wa kushika. Sasa hivi."

Nanga aligeuka. Barabarani wagonjwa walikuwa wameshika mashavu yao.

"Nipe glavu," daktari wa meno alisema.

"Daktari, hii siyo..."

"Nang'oa magego ya wanaume kama wewe kila siku. Nipe glavu!"

Nanga alimpa za akiba, akamsimamisha nyuma yake na mwisho wa kamba, akafungua mzunguko wa tatu mbele ya macho ya wote. Mwenyewe akashika mbele, mkono wa kushoto ukifanya kazi ya miwili. "Nikisema achia, unaachia kidogo. Nikisema bana, unabana. Usishindane nalo, lisindikize."

"Tayari?" shemeji aliita.

"Miwili! Tayari!"

Msumeno ulinguruma, tawi likaachana na mti kwa mlio wa bunduki, na uzito wote ukaja kwenye kamba. Daktari alivutwa hatua nzima, visigino vikachimba udongo. "Achia!" Kamba ikatembea, ikitoa moshi shinani. "Achia, achia... bana! Achia!" Tawi likapita ubavuni mwa paa, likagusa kigae kimoja bila kukivunja, likalala kwenye nyasi. Kule juu panda iliyumba, ikayumba tena, ikatulia.

Daktari alikaa chini palepale na koti lake jeupe.

Shemeji alishuka akichechemea. Alimsogelea Nanga hadi wakakaribia kugusana vifua, na Nanga akangoja kofi, akalitaka kabisa.

"Wiki nzima," shemeji alisema. "Wiki nzima tumekula sahani moja."

"Niliona aibu."

"Na mimi ningekufa, wewe ungeona nini?"

Machozi yalimtoka Nanga mbele ya wagonjwa wa meno, na hakuyafuta.

Shemeji alivuta pumzi ndefu, akakamata kamba kuikusanya. Haikuja.

"Achia," alisema.

"Nimeshaachia."

"Nanga. Achia kamba."

"Nimeachia, shemeji, naapa."

Wote wawili walitazama chini. Vile vidole viwili, ndani ya glavu, vilikuwa bado vimejikunja kwenye kamba, vimekaza, na mwenyewe hana habari. Hasira ikamtoka shemeji usoni, na kilichobaki kilikuwa hofu tupu. Alipiga goti lake lililoumia kwenye nyasi, akaushika mkono ule, akaanza kuvifungua vidole, kimoja, kisha cha pili.