Maneno Yaliyoanguka Chini ya Mnara

Kila siku ya kazi, saa moja asubuhi, mfagiaji wa kampuni ya simu alifagia maneno yaliyoanguka chini ya mnara. Salamu hazikuwamo. Watu wa bondeni wakipiga simu huanza na habari za nyumbani, za kazi, za watoto, na hizo zilipita zote, maana mawimbi bado yalikuwa na nguvu. Walipofikia shida yenyewe, mawimbi yalikuwa yamefifia, na shida ikadondoka.

Fundi mitambo alikwisha sema. "Njia ina kipimo chake, bosi. Mawimbi yakififia inabana, na tunachozidisha kinamwagika."

Meneja hakuwa na muda wa kusikiliza watu wenye grisi mikononi. Alikuwa amepima nguvu ya mawimbi mwenyewe, mara moja, mchana mkavu, juu ya paa la ofisi, hatua ishirini kutoka mnarani. Namba hiyo moja akaiita wastani, akaibandika kwenye mabango mpaka bondeni. Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilivumia kwenye ofisi yenye kiyoyozi.

Jumatatu moja mfagiaji alikuta rundo la tangu Jumamosi. Ndani yake ilikuwamo sauti ya mdogo wake wa kike. Jumamosi ile walikuwa wamesalimiana vizuri tu, kisha simu ikakatika. Akayaokota maneno yaliyobaki, akayapangusa vumbi.

"Dada, mama amezidiwa. Anakuita. Njoo leo."

Kabla hajainuka, mjomba wake alifika getini kwa miguu, viatu vina udongo.

"Tumemzika jana," alisema. "Tulikusubiri mpaka jua likazama. Ulikuwa na kazi gani, mwanangu?"

Mfagiaji aliuegemeza ufagio getini. Alipanda kwa meneja na maneno yale kwenye kizoleo. Meneja aliyasikiliza, huku akitazama saa.

"Pole sana. Lakini wastani wetu ni mzuri. Ni bahati yako tu."

"Fundi aliwaambia, bosi. Mlijua."

Meneja akampa ruhusa ya nusu siku, akajiona muungwana. Mtu wa hivi hata haya hana. Mfagiaji alipofika mlangoni, meneja akamwita.

"Hayo yaache. Kilichoanguka ndani ya uzio ni mali ya kampuni."

Mfagiaji akayamimina kwenye pipa la taka kando ya meza. Meneja akalifunika, kwa sababu sauti ya mdogo mtu bado ilikuwa inaita mle ndani, na yeye alitaka kupiga simu.